Gari Linaloishiwa Mafuta: Kuutafuta Mchezo wa Utotoni Usio na Jina

Katika mikahawa ya Cedar Avenue, mtaani Cedar-Riverside mjini Minneapolis, kuna swali ambalo hungoja siasa, mpira na bei za tiketi za ndege zimalizike ndipo litoke. Huulizwa na watu wazima, wenye kazi na watoto, waliokulia Kenya: Eastleigh jijini Nairobi, Mombasa, au katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. "Hivi mnaukumbuka ule mchezo wa..." Hapo maneno hukatika na vidole huanza kusema. Kidole gumba cha kushoto kinabonyeza hewa, cha kulia kinajibu. Msemaji anaieleza barabara, anauiga mlio, anakitaja kilichokuwa kikimuua kila mara. Jina la mchezo halipo.

Mimi pia nilikuwa na wangu. Niliucheza miaka ya tisini kwenye kibanda cha gemu kule Majengo, Mombasa: televisheni moja, benchi moja, watoto wengi, na mwenye kibanda akihesabu shilingi. Nilikumbuka gari linaloonekana kutoka juu. Nilikumbuka mafuta yakipungua upande mmoja wa skrini, na hofu ya kuyaona yakikaribia sifuri. Na nilikumbuka jambo ambalo kila niliyemsimulia alilikataa: katikati ya mbio hizo za magari, mtu mwenye joho mgongoni alipita akiruka hewani, kama Superman.

"Hapo umechanganya na filamu, kaka," waliniambia. Nami kwa miaka mingi sikuwa na cha kuwajibu.

Makala haya yanahusu namna mchezo ule ulivyopatikana, na sababu zinazonifanya niamini kwamba jambo hili, linaloonekana dogo, linastahili kushughulikiwa kwa bidii na watu wetu walioko ughaibuni na walioko nyumbani.

Mtaa wenye kumbukumbu za mbali

Cedar-Riverside umekaa kati ya katikati ya jiji la Minneapolis na Mto Mississippi. Alama yake ni Riverside Plaza, kundi la majengo ya zege yenye vipande vya rangi ukutani, lililobuniwa na msanifu Ralph Rapson na kufunguliwa mwaka 1973. Jengo refu kuliko yote lina ghorofa 39, na kundi zima lina nyumba zaidi ya 1,300. Wakazi wengi wa mtaa huu wana asili ya Somalia na Ethiopia, ndiyo maana baadhi ya watu huuita Mogadishu Ndogo.

Lakini safari ya wengi kutoka Somalia hadi hapa ilipitia Kenya. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992. Wapo waliokaa kambini miaka kumi na zaidi, wapo waliojificha ndani ya pilikapilika za Eastleigh, wapo walioshukia Mombasa kwa jahazi. Kiswahili walichokiokota huko shuleni na mitaani wamekuja nacho, na ndicho kinachotukutanisha mimi na wao. Wamekuja pia na utoto wa Kenya. Ndani ya utoto huo kuna vibanda vya gemu.

Jina lilifutwa kabla ya kutufikia

Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo ilianza kuuza nchini Japani mashine iliyoitwa Family Computer, kwa kifupi Famicom. Haikupita miaka mingi, viwanda vya Taiwan na baadaye vya China vikawa vinatengeneza mashine za kuigiza, zinazosoma kaseti zilezile kwa bei ndogo. Urusi zilijulikana kwa jina la Dendy, lililoingia sokoni mwaka 1992. Nyingine, zilizoitwa Ending-Man Terminator na zenye umbo lililoigwa kutoka kwa Sega, zilienea Ulaya ya Mashariki, nchi za Kiarabu na Afrika.

Kenya ilikuwa na njia ya kuzipokea bidhaa za aina hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wafanyabiashara wa Kisomali waliokimbia vita waliigeuza Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni pale Eastleigh, kuwa jengo la maduka. Vyumba vya wageni vikawa vibanda vya kuuzia nguo na vifaa vya umeme vilivyotoka Dubai. Biashara iliyoanzia vyumbani humo ndiyo iliyoigeuza Eastleigh kuwa soko linalolisha miji mingine ya Afrika Mashariki.

Kaseti tulizochezea hazikuwa za mchezo mmoja. Vibandiko vyake vilijigamba kwamba ndani mna michezo maelfu, hata mamilioni, kumbe ni michezo michache iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti na kuanzishwa hatua tofauti. Waliotengeneza nakala hizo hawakuwa na ruhusa, hivyo mara nyingi walifuta jina la kampuni na mwaka wa kutolewa, na pengine jina la mchezo wenyewe. Mfano unaojulikana sana ni mchezo wa vifaru uitwao Battle City, uliotolewa na Namco mwaka 1985. Watoto wengi duniani waliukuta kwa jina la Tank 1990, umebadilishwa ramani na kuongezewa silaha. Kwetu sisi ulikuwa mchezo wa vifaru, basi.

Hili ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayeutafuta mchezo wake wa utotoni anapaswa kulielewa. Usijilaumu kwamba umesahau jina. Huenda hukupewa jina lolote. Ulipewa namba ya mstari kwenye orodha, na mtoto mkubwa aliyeketi kando yako akakwambia, "Weka namba kumi na mbili, ile ya magari."

Kwa nini Wamarekani hawakuweza kunisaidia

Mtu aliyehamia Marekani hudhani kwamba hapa ndipo penye majibu yote kuhusu michezo ya video. Niliwauliza wenzangu kazini, watu wa umri wangu waliozaliwa Minnesota. Walinisikiliza kwa upole, kisha wakanirudishia mchezo wao.

Mchezo wao ni The Oregon Trail, na ni mtoto wa jiji hili hili. Mwaka 1971 wanafunzi watatu wa chuo cha Carleton, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa katika mazoezi ya kufundisha mjini Minneapolis. Walitunga mchezo wa kompyuta wa kufundishia safari za walowezi waliokwenda Oregon kwa magari ya kukokotwa na maksai. Ulichezwa darasani kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba mwaka huo. Hapakuwa na skrini: mashine ya kupiga chapa, iliyounganishwa na kompyuta iliyokuwa mbali, iliandika maswali kwenye karatasi na watoto wakachapa majibu. Baadaye ulisambazwa na MECC, taasisi ya jimbo la Minnesota iliyoanzishwa mwaka 1973 kupeleka kompyuta mashuleni. Toleo la mwaka 1985 la kompyuta za Apple II ndilo lililoingia vichwani mwa watoto wa nchi nzima.

Kwa hiyo mtoto wa Minneapolis na mtoto wa Majengo walikua na historia mbili tofauti za michezo ya video. Na si za watoto hao wawili tu. Yapo maeneo makubwa, Urusi, India, Pakistan, na sehemu kubwa ya Afrika, ambako utoto wa wengi ulipitia mashine za kuigiza na kaseti zisizo na majina. Vitabu na makala vinavyoandikwa Marekani mara nyingi huanza na mashine zilizouzwa Marekani. Mchezo niliokuwa nikiutafuta, kama nilivyokuja kujua, haukuuzwa hapa katika toleo tulilolicheza sisi. Ilibidi kuuliza kwa waliokaa kwenye benchi kama langu.

Kumbukumbu hujenga upya

Waliosema nimechanganya gemu na filamu walikuwa na hoja ya maana. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Frederic Bartlett, alichapisha kitabu kiitwacho Remembering. Aliwapa wasomaji Waingereza hadithi ya wenyeji asilia wa Amerika ya Kaskazini, akawataka waisimulie tena baada ya muda. Kila waliporudia, hadithi ilisogea karibu na maisha yao. Mtumbwi ukawa mashua. Uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki. Mambo yaliyowashangaza yaliachwa njiani au yalitafutiwa sababu.

Bartlett alionyesha kwamba tunapokumbuka tunajenga upya, na tunajengea vifaa tulivyo navyo sasa. Ndiyo maana anayesimulia mchezo wa zamani huupa picha nzuri kuliko ulivyokuwa, hadithi ndefu kuliko ilivyokuwa, na rangi ambazo mashine ile haikuwa nazo. Ukiutafuta kwa sura hiyo, hutaupata.

Lakini utafiti huo huo una funzo la upande wa pili. Ikiwa akili huelekea kuondoa yale yasiyoingia akilini, basi kitu cha ajabu kilichobaki kwa miaka mingi, ambacho hakina faida wala maelezo, kinastahili kuheshimiwa. Mtu arukaye juu ya barabara ya magari hakuhitajika popote katika kumbukumbu yangu. Hata hivyo alikataa kuondoka.

Maswali yanayofaa kuulizwa

Aliyenisaidia ni jirani aliyekulia Eastleigh, mtu wa makamo ambaye miaka hiyo alikuwa akifungua kibanda cha mjomba wake baada ya shule. Hakuniuliza mchezo ulifananaje. Aliniuliza ulichezwaje.

"Walaal," yaani ndugu, "unaliona gari kutoka wapi?" Kutoka juu. Hapo michezo mingi ikatoka. F-1 Race ya Nintendo ya mwaka 1984 humweka mchezaji nyuma ya gari, na Excitebike ya mwaka huohuo huonyesha pikipiki kutoka ubavuni.

"Unapiga risasi?" Hapana. Basi si Spy Hunter, ambao nao huonekana kutoka juu lakini gari lake lina silaha. "Gari linaruka?" Haliruki. Basi si Bump 'n' Jump, ambao mchezaji hurukia magari ya wenzake na kuyaponda. "Ni gari kweli, si pikipiki?" Ni gari. Swali hili lilikuwa muhimu, kwa sababu Zippy Race wa kampuni ya Irem una barabara inayotazamwa kutoka juu na una mafuta yanayopungua, ila kinachoendeshwa ni pikipiki.

"Na kifo chako?" Hapa ndipo niliposema kwa uhakika kuliko mahali pote. Sikuwa nikifa kwa kuishiwa maisha matatu. Nilikuwa nikigonga gari, langu linaserereka, na nisipowahi kulirekebisha linajibamiza ukingoni na kulipuka. Kisha linarudi barabarani, lakini muda umepita na mafuta yamepungua. Mwisho wa mchezo ulikuwa mafuta kwisha.

Alicheka, akainuka, akaweka mikono mbele kama aliyeshika padi ya kuchezea. "Na kuna gari moja la rangi rangi, ukiligusa linakuongezea mafuta. Walahi ni huo. Road Fighter."

Kila anayetafuta aige utaratibu wake. Anza na kilichokuua, maana mtoto hajali jina la kampuni ila anajua vizuri kilichommalizia shilingi yake. Halafu uliza mkono ulifanya nini: ulibonyeza mara nyingi au ulishikilia, ulikwenda upande mmoja au pande zote. Uliza jicho lilikuwa juu, nyuma au ubavuni. Taja mashine na kaseti, kwa sababu mchezo wa PlayStation hauwezi kuwa kwenye kaseti ya Famicom. Taja mwaka kwa kuuegemeza kwenye tukio, kama darasa ulilokuwa au nyumba mliyokuwa mmepanga. Picha na hadithi ziweke mwisho.

Mtu arukaye alikuwepo

Road Fighter ulitengenezwa na Konami, kampuni iliyoanzishwa Osaka, Japani, mwaka 1969. Ulitoka kwanza mwaka 1984 kama mashine ya kuchezea kwa sarafu kwenye kumbi za michezo, kisha mwaka 1985 ukatolewa kwa Famicom. Toleo hilo la nyumbani liliuzwa Ulaya miaka ya tisini, lakini Marekani halikuuzwa. Mchezaji huanza na pointi 100 za mafuta, na mwendo unaweza kufika kilomita 400 kwa saa. Hauna utangulizi wala hadithi. Ni barabara, magari ya wengine, malori, utelezi, na mafuta yanayokwisha.

Nilitafuta rekodi ya mtu akiucheza na nikaitazama nikiwa nimekaa wima kama mtoto. Dereva yule alikuwa hodari. Alipita katikati ya magari kwa muda mrefu bila kugusa hata moja. Na hapo, pembeni ya barabara, mtu mwenye joho akapita akiruka.

Anaitwa Konami Man. Ni mhusika ambaye kampuni ilikuwa ikimficha ndani ya michezo yake, na ambaye mwaka 1988 alipewa nafasi ya kuwa shujaa katika mchezo wa Konami Wai Wai World. Ndani ya Road Fighter hutokea kwa anayeendesha umbali mrefu bila ajali. Anapita, mchezaji anaongezewa pointi, anatoweka.

Sharti hilo lilinifumbua macho. Konami Man haonekani na anayegonga magari, na mimi nilikuwa mgongaji. Kwa hiyo ninayemkumbuka sikumfikia kwa mkono wangu. Nilimwona nikiwa benchini, nikisubiri zamu, wakati mtoto mkubwa wa mtaani aliyekuwa fundi wa kibanda kile ameshika padi. Kumbukumbu niliyodhani ni yangu peke yangu ilikuwa mali ya benchi zima. Wengine waliokuwepo siku hiyo wamesambaa, kila mmoja na kipande chake: huyu ana mlio, yule ana namba kwenye orodha, mwingine ana jina la mwenye kibanda. Mchezo mzima upo, lakini haupo kwa mtu mmoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Rudi kwa The Oregon Trail. Muhula ulipokwisha, Rawitsch aliufuta mchezo kutoka kwenye kompyuta ya shule, lakini kabla ya kuufuta aliuchapa wote kwenye karatasi. Mwaka 1974 aliajiriwa na MECC, akaitoa karatasi ile na kuuingiza upya, herufi kwa herufi, kwenye mtandao wa kompyuta wa taasisi hiyo. Mchezo maarufu kuliko yote ya jimbo hili uliokolewa na mtu aliyehifadhi karatasi.

Sisi hatuna karatasi. Michezo yenyewe, kwa maana ya programu, mingi imenakiliwa na wapenzi wa mambo ya kale, ingawa sokoni haipo. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani kununuliwa kwa njia za kawaida. Hesabu hiyo ni ya michezo iliyouzwa Marekani. Kaseti zetu za Eastleigh na Majengo hazimo. Na hata programu ikipatikana, haitasema nani aliicheza, wapi, kwa shilingi ngapi, kwa lugha gani walipigiana kelele, wala namna mtoto aliyetoka vitani alivyoketi kwenye benchi moja na mtoto wa mwenyeji wakagombea padi moja.

Hayo ni historia ya uhamiaji. Vitabu vinavyohusu wakimbizi hueleza mgao wa chakula, mahema na foleni za usaili, na ni haki kuyaeleza. Lakini mtoto wa kambini alikuwa mtoto. Alicheka, aliiba muda, alishindana, alipata sifa. Asiyeandika habari za mchezo wake ameacha nusu ya maisha yake nje.

Kwa wakazi wa Cedar-Riverside, mahali pa kuanzia pako umbali wa kutembea kwa miguu. Maktaba ya Elmer L. Andersen ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilifunguliwa mwaka 2000 kwenye ukingo wa magharibi wa Mississippi, na chini yake yamechimbwa mapango mawili makubwa ndani ya mwamba kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka. Humo mna hifadhi ya kituo cha historia ya uhamiaji, kilichoanzishwa mwaka 1965. Humo pia mna hifadhi ya Charles Babbage Institute, inayotunza historia ya kompyuta na iliyohamia chuoni hapo mwaka 1980. Nyaraka za wahamiaji na nyaraka za kompyuta zinalala ndani ya mwamba mmoja, jirani na mtaa uliojaa watu wanaozibeba historia zote mbili.

Ombi langu kwa msomaji ni hili. Ikiwa una mchezo unaouona nusu, mpigie simu kaka yako, dada yako, binamu aliyebaki Mombasa au rafiki mliyeketi naye benchini, muulize kilichokuwa kikimuua. Andika jibu kwa Kiswahili, pamoja na jina la mtaa, mwaka, mashine na bei ya zamu. Jina la mchezo likipatikana, liandike mwisho. Lisipopatikana, peleka maandishi hayo hivyo hivyo kwenye hifadhi iliyo karibu nawe, uwe Minneapolis, Nairobi au Dar es Salaam. Jina linaweza kutafutwa hata na watakaokuja baada yetu. Habari za benchi wanazijua waliokalia benchi tu, na nao umri unakwenda.